Minyoo wa Safura: Hesabu ya Damu na Hila za Protini

Masomo ya ukurasa huu kwa kawaida huhusu daftari la fedha, stakabadhi za mazao, mizani na wajibu wa kamati. Somo la safari hii linahusu mwili wa mwanachama mwenyewe. Chama cha msingi chaweza kuwa na ghala la mawe na mashine mpya ya kukoboa, lakini mtaji wake wa kwanza ni nguvu za watu wanaolima, wanaopalilia na wanaobeba mazao hadi kituoni. Nguvu hizo zikipungua, upungufu hauandikwi kwa jina lake katika mizania ya mwisho wa mwaka. Huonekana kama shamba lililopaliliwa nusu, kahawa iliyochumwa kwa kuchelewa, na mtoto wa mwanachama asinziaye darasani.

Miongoni mwa waibao nguvu hizo yumo mnyoo wa safura. Ni mdogo, urefu wake sentimeta moja hivi, na wembamba wake ni kama uzi wa kushonea. Wako wa aina mbili wanaowashambulia binadamu kwa wingi, nao wataalamu huwaita Necator americanus na Ancylostoma duodenale. Wote wawili hukaa katika utumbo mwembamba, wakauuma ukuta wake na kunywa damu.

Katika vijiji vingi husikika lawama moja: "Tulimeza vidonge mwaka jana, mbona safura imerudi?" Wengine huhitimisha kwamba dawa iliyoletwa ilikuwa hafifu, na siku nyingine ya kugawa dawa ikifika hawaonekani. Lawama hiyo yastahili jibu badala ya karipio, maana aulizaye ameona jambo la kweli: dawa ilimtibu, na safura ikarudi. Sababu yake imo katika protini za mwili na protini za mnyoo, na namna zinavyokutana ndani ya utumbo.

Protini ni nini

Watu wengi wakisikia neno protini hufikiri maharage, samaki na maziwa. Si kosa, lakini ni nusu ya habari. Protini ndizo pia watumishi wa mwili. Hemoglobini, ule wekundu wa damu, ni protini ibebayo hewa ya oksijeni kutoka mapafuni. Zipo protini zinazogandisha damu mtu ajikatapo kwa jembe. Vimeng'enya visagavyo chakula tumboni ni protini, na kingamwili zinazomtambua adui aingiaye mwilini ni protini vilevile. Nyingine ni tarishi tu: hutoka katika chembe moja ya mwili na kupeleka habari kwa nyingine.

Kila protini ina umbo lake, na kazi yake hufanyika inaposhikana na kitu chenye umbo linalolingana nayo, kama ufunguo na kufuli. Mnyoo naye ana protini zake, na nyingi kati ya hizo huzitema nje ya mwili wake zikafanye kazi ndani ya mwili wa mwenyeji. Hazikuundwa kwa bahati tu. Kwa muda mrefu mno kizazi baada ya kizazi cha minyoo kimeishi ndani ya watu, na waliosalia ni wale ambao funguo zao ziliingia vizuri katika kufuli za binadamu.

Upotevu mdogo wa kila siku

Kabla ya kuendelea, yafaa hesabu ipigwe. Mnyoo mmoja wa aina ya Necator humpotezea mtu kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku, tone dogo ambalo hakuna angelilijali. Lakini mwenye minyoo 100 hupoteza mililita 3 kwa siku, nazo kwa mwaka mzima ni mililita 1,095, yaani zaidi ya lita moja. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Minyoo wa aina ya Ancylostoma ni walaji zaidi: mmoja hupoteza mililita 0.15 au hata zaidi. Mia wa aina hiyo kwa mwaka watapoteza mililita 5,475, damu inayozidi ile yote iliyomo mwilini kwa wakati mmoja.

Mwili, bila shaka, hutengeneza damu nyingine, na ndiyo maana mtu haanguki siku ile ile. Kinachokwisha ni madini ya chuma, ambayo bila hayo hemoglobini haiundiki. Katika kila mililita ya damu nzuri mna karibu nusu miligramu ya chuma. Mililita 3 hubeba miligramu 1.5, na ijapokuwa sehemu ya chuma hicho hufyonzwa tena utumboni, mwanamume mzima mwenye afya hufyonza kiasi cha miligramu moja tu kwa siku kutoka katika chakula chake. Kila mkaguzi anaujua mfano huu: karani achukuaye shilingi chache kila jioni ni hatari kuliko mwizi avunjaye kufuli usiku mmoja, kwa sababu ya yule wa usiku hugunduliwa asubuhi. Akiba ya chuma huliwa kidogo kidogo hadi siku ambayo mama hawezi kupanda kilima na debe la maji bila kuketi, macho yamekuwa meupe, uso umevimba, moyo waenda mbio, naye hutamani kula udongo. Uchunguzi wa watoto wa shule kisiwani Pemba uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba minyoo hawa walikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa chuma.

Kuingia kwa njia ya nyayo

Jinsi mnyoo huyu aingiavyo ilijulikana kwa ajali. Mwaka 1898 huko Cairo, mtaalamu Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye mabuu wa minyoo hawa. Ngozi ikamwasha, na baadaye akayakuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Kabla ya hapo iliaminika kwamba mabuu humezwa tu kwa maji na chakula.

Mayai hutoka na kinyesi, hupasuka baada ya siku moja au mbili katika udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya wiki moja hivi mabuu huwa tayari kungoja unyayo. Kivuli cha migomba na mibuni ni makao mazuri kwao. Buu akigusa ngozi hutema vimeng'enya vinavyoyeyusha protini zinazoifunga ngozi, akapenya. Mwenyewe huona mwasho katikati ya vidole, akadhani ni majani. Buu huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hatimaye hufika utumboni, ambako hukomaa. Wiki tano hadi nane baada ya kuingia, majike huanza kutaga, na jike mmoja wa Necator hutaga maelfu ya mayai kila siku.

Damu iliyokatazwa kuganda

Jeraha lolote la kawaida huzibwa. Protini za kugandisha damu hufanya kazi kwa zamu: ya kwanza huiamsha ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, mpaka utando wa kuziba ufumike. Mnyoo hangeweza kula iwapo kazi hiyo ingekamilika. Kwa hiyo hutema jerahani protini ndogo zinazojikita katika mashine ya mgando. Katika miaka ya 1990 wataalamu walizitenga protini za namna hiyo kutoka kwa mnyoo wa safura wa mbwa. Moja huishika protini ya mgando iitwayo kipengele cha kumi na kuifunga mdomo. Nyingine ina ujanja zaidi: huishika kwanza ile ya kumi, kisha huitumia kama kamba ya kuifunga nyingine iliyo mwanzoni kabisa mwa mnyororo. Ndiyo sababu mnyoo ahamapo kutoka mahali alipouma, jeraha la zamani huendelea kuvuja, na mwenyeji hupoteza hata damu ambayo mnyoo hakuinywa.

Ndani ya tumbo la mnyoo, chembe nyekundu hupasuliwa na hemoglobini hukatwa vipande kwa zamu na vimeng'enya mbalimbali. Cha kwanza hukata vipande vikubwa, vingine huvipunguza, na vya mwisho huacha chembechembe ndogo ziwezazo kufyonzwa. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Wataalamu walipolinganisha kimeng'enya cha mnyoo wa binadamu na cha mnyoo wa mbwa, waliona kwamba kila kimoja huikata vizuri zaidi hemoglobini ya mwenyeji wake kuliko ya yule mwingine. Hiyo ni moja ya sababu zinazodhaniwa kumfanya mnyoo wa mtu asistawi kwa mbwa, wala wa mbwa kwa mtu. Mabaki ya hemoglobini yenye chuma ni sumu kwa mnyoo, naye anayo protini nyingine ya kuyashika ili yasimdhuru.

Walinzi na muhuri wa bandia

Msomaji atauliza: je, mwili haumwoni mgeni huyu? Humwona. Mwaka 2016 makundi kadhaa ya wataalamu, wakichunguza panya, yalieleza kwamba katika ukuta wa utumbo zimo chembe chache zenye kishungi kinachoelekea ndani, nazo ndizo hupiga mbiu minyoo waingiapo. Hutoa protini tarishi, nayo huziamsha chembe nyingine kutoa tarishi wa pili aitwaye interlukini-13. Huyo ndiye atoaye amri: ute uongezeke, misuli ya utumbo isukume kwa nguvu, mgeni atelezeshwe nje. Wakati huohuo huitwa chembe nyeupe zinazojulikana kwa jina la eosinofili, na kingamwili za aina ya IgE hupanda sana. Panya humtoa mnyoo wa kwake wa aina fulani katika muda wa siku chache kwa njia hii.

Kwa mtu mwenye safura dalili zote za vita zimo: eosinofili ni nyingi, IgE ni nyingi. Mnyoo hata hivyo hukaa mwaka, miwili, mitano. Anawezaje?

Hujibu tarishi kwa tarishi. Mwaka 2000 ilielezwa kwamba mnyoo wa Necator hutema kimeng'enya kinachoikata protini iziitayo eosinofili. Ni sawa na mtu anayeizuia njiani barua ya mwaliko wa mkutano: wanachama wapo, wana nia, lakini hawajui siku wala mahali. Mnyoo wa safura wa mbwa hutoa protini nyingine inayozishika chembe nyeupe za aina ya pili zisiweze kung'ang'ania mahali penye vita. Mnyoo mjeledi wa panya, anayekaa katika utumbo mpana, hutoa protini iitwayo p43 kwa wingi sana, na mwaka 2019 iligunduliwa kuwa huishika ile interlukini-13 yenyewe, mtoa amri.

Hila iliyo kubwa kuliko zote ilielezwa mwaka 2017, kwa mnyoo mwingine wa utumbo wa panya. Kila mwili una protini ya kutuliza, ambayo baada ya vita huwaambia walinzi waweke silaha chini, ili wasije wakaharibu mwili wenyewe. Mnyoo huyo hutengeneza protini ambayo kwa umbile haifanani hata kidogo na ile ya mwili, lakini inaingia katika kufuli lilelile na kutoa amri ileile. Huo ni muhuri wa bandia uliogongwa na mtu asiyewahi kuuona muhuri wa halali! Walinzi husoma amri, huiamini, hutulia. Si kila hila iliyoonwa kwa mnyoo wa panya au wa mbwa imethibitishwa kwa mnyoo wa binadamu, na yafaa tofauti hiyo ishikwe vizuri. Lakini mwenendo wa mambo ni mmoja. Wapo hata wataalamu wanaozichunguza protini hizi za kutuliza ili zisaidie wagonjwa wa pumu na magonjwa mengine ambayo walinzi wa mwili hupigana kupita kiasi. Hilo halimfanyi mnyoo kuwa dawa kwa mkulima.

Kwa nini safura hurudi

Mtoto aliyeugua surua akapona huwa na kinga kwa kawaida maisha yake yote. Safura si hivyo. Walinzi wa mwili waliotulizwa na kupotoshwa hawajifunzi vya kutosha kumzuia mnyoo wa kesho. Mtu atibiwaye leo na kesho akatembea peku katika udongo uleule huingiliwa upya kana kwamba hakuwahi kuugua. Uzee nao hauleti kinga: tofauti na minyoo wengine wanaowasumbua zaidi watoto, minyoo wa safura huonekana kwa wingi pia kwa watu wazima. Kwa hiyo jibu la mwanachama aliyelalamika ni kwamba dawa ilifanya kazi yake, ikawaua waliokuwamo. Lakini haikuacha mlinzi mlangoni.

Jambo hilo lilipimwa katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, kwa muda wa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mahali ambapo watoto tu walipewa dawa mara moja kwa mwaka kwa kupitia shule, walioambukizwa safura katika jamii walishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Mahali ambapo watu wote, wakubwa kwa wadogo, walipewa mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8. Walipopewa wote mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Katibu asomaye tarakimu hizi ataona kwamba baba asiyemeza dawa huyarudishia mashamba mayai ambayo mtoto wake ameondolewa shuleni.

Dawa yenyewe nayo hufanya kazi kwa protini. Albendazole, ambayo kwa safura dozi yake ya mara moja ya miligramu 400 hufanya vizuri zaidi kuliko dozi moja ya mebendazole, huishika protini ya mnyoo iitwayo tubulini, ambayo ni kama fito za kuezekea chembe za mwili wake. Fito zisipoungana, mnyoo hushindwa kula na kufa. Tubulini ya binadamu hushikwa kwa udhaifu zaidi, ndiyo maana kidonge humwua mnyoo na kumwacha mtu. (Mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito asipewe, waliokaribia umri wa kuzaa waulizwe kwa heshima na mhudumu wa afya, si mbele ya umati.)

Hapa wafugaji wa mbuzi na kondoo wana habari ya kusikiliza. Badiliko la kiungo kimoja tu katika tubulini ya mnyoo, katika nafasi ya 200, laweza kuifanya dawa ikose mahali pa kushika. Minyoo wa kondoo na mbuzi wenye badiliko hilo wameenea katika nchi nyingi, na kimojawapo kilichowaeneza ni dozi pungufu: mfugaji hukadiria uzito kwa macho, hugawa chupa moja kwa mifugo wengi kuliko inavyotosha, na minyoo waliosalia ndio wenye kufuli lililobadilika. Mbuzi huivunja dawa hii upesi kuliko kondoo, kwa hiyo dozi ya kondoo haimtoshi. Bwana mifugo aulizwe. Vyama vina mizani ya kuning'iniza ambayo msimu wa mazao ukiisha hukaa stoo ikiota kutu. Hakuna kanuni inayokataza mbuzi kupimwa.

Habari za chanjo

Chanjo ya mnyoo wa safura kwa binadamu ilikuwa bado haijaidhinishwa kufikia mwaka 2024. Jaribio moja la awali lilitumia protini ambayo buu huitoa anapoingia. Lilipofanywa nchini Brazil kwa watu waliowahi kuwa na safura, baadhi yao walitokwa na vipele vya mwasho mwili mzima, kwa kuwa tayari walikuwa na IgE dhidi ya protini hiyo, na jaribio likasimamishwa. Fundisho likawa kwamba protini ambayo mwili umezoea kuiona si ya kuchokozwa ovyo.

Tangu hapo macho yameelekezwa ndani ya tumbo la mnyoo, kwenye vimeng'enya vya kusaga hemoglobini na ile protini ishikayo mabaki yenye sumu. Mwili hauzioni protini hizo kwa kawaida, maana mnyoo hazitemi kwa wingi nje. Mtu akichanjwa nazo, kingamwili zitakaa katika damu yake, na mnyoo atazinywa pamoja na chakula chake. Kwa kondoo njia hii imekwisha kufaulu: chanjo iitwayo Barbervax, iliyotokana na protini za utumbo wa mnyoo anyonyaye damu katika tumbo la kondoo, iliruhusiwa kutumiwa Australia mwaka 2014. Kasoro yake ni kwamba lazima irudiwe mara kwa mara katika msimu, kwa sababu protini zikiwa zimefichika, mnyoo aingiaye hawakumbushi walinzi chochote.

Hadi chanjo ya watu ipatikane, mlango ni unyayo na ufunguo ni choo. Buu hawezi kuwako pasipo kinyesi juu ya udongo, na kinyesi kibichi hakina hatari hiyo siku ya kwanza. Huwa nayo baada ya siku kadhaa chini ya kivuli. Wachumaji wanaokaa shambani kutwa hawatarudi nyumbani kwa haja, hata wakiambiwa mara ngapi. Kituo cha ununuzi ambako watu mia wanangoja mizani toka alfajiri, nacho hakina choo hata kimoja, ni kiwanda cha safura chenye saini ya kamati.

Kwa mazungumzo ya mkutano wa tawi, makatibu wanaombwa kuwauliza wanachama maswali haya. Mtu mwenye minyoo 160 wa aina ya Necator hupoteza damu kiasi gani kwa mwezi wa siku 30? Kwa nini mtoto wa shule aliyemeza dawa mwezi Machi aweza kuwa na minyoo tena mwezi Septemba, ijapokuwa dawa haikuwa mbovu? Ni choo cha nani kilicho karibu zaidi na kituo cha ununuzi, ni hatua ngapi kutoka kwenye mizani, na wageni wanaruhusiwa kukitumia?